Mavazi na Lishe ya Mama Anayenyonyesha: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani, Shambani na Kazini

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, Tanzania huungana na nchi nyingine kuadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Ujumbe unaotolewa katika zahanati, vituo vya afya na mikutano ya vijiji unafahamika kwa wananchi wengi: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji wala chakula kingine, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi.

Ujumbe umefika, lakini utekelezaji wake bado una pengo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 64 ya watoto wenye umri chini ya miezi 6 nchini hunyonya maziwa ya mama pekee. Maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu hupewa maji, uji au maziwa mengine kabla ya wakati wake. Utafiti huo huo ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa.

Pengo hilo linapozungumzwa, lawama nyingi humwangukia mama, kana kwamba hajasikia au hajali. Ukweli ni kwamba akina mama wengi huanza na nia njema, na nia hiyo hukwamishwa na mambo madogo ya kila siku. Makala haya yanaeleza mawili kati ya hayo, ambayo kaya yoyote inaweza kuyarekebisha kwa gharama ndogo: nguo anayovaa mama na chakula anachokula.

NGUO INAVYOWEZA KUPUNGUZA MAZIWA

Matiti hutengeneza maziwa kulingana na jinsi yanavyonyonywa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupokea taarifa na kutoa homoni mbili: prolaktini, inayoyahimiza matiti kutengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma maziwa yatoke. Maziwa yakitolewa mara kwa mara, mengine hutengenezwa. Yakibaki titini kwa muda mrefu, mwili hupunguza utengenezaji. Ndiyo sababu mtoto mchanga anapaswa kunyonya kila anapohitaji, kwa kawaida mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku.

Tumfikirie mama mwenye mtoto wa miezi 2 anayeuza nyanya sokoni, akiwa amevaa gauni lenye zipu ya mgongoni. Ili anyonyeshe, hana budi kulishusha gauni hilo hadi kiunoni mbele ya wateja. Mtoto akilia saa tatu asubuhi, mama humtuliza kwa maji kidogo. Akilia tena saa tano, humbembeleza mgongoni hadi alale. Baada ya wiki kadhaa za kukosa kunyonyesha mara mbili au tatu kila siku, maziwa hupungua kweli, na mama husema kwa dhati kwamba hana maziwa ya kutosha. Hapo uji huanza. Tatizo lililoanzia kwenye zipu linakuwa tatizo la lishe ya mtoto.

Kanuni ya kwanza ya vazi la mama anayenyonyesha, basi, ni hii: liweze kufunguliwa kwa mkono mmoja, kwa haraka, bila kumvua mama stara yake. Mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili umembeba mtoto.

KUCHAGUA NA KUREKEBISHA NGUO

Si lazima kununua nguo mpya. Nguo nyingi zilizomo sandukuni zinafaa, au zinaweza kurekebishwa na fundi cherehani kwa muda mfupi.

Gauni la vifungo vya mbele ndilo linalofaa zaidi, mradi vifungo vifike chini ya matiti. Vikiishia kifuani, mama atalazimika kuvuta kitambaa, nacho kitaminya titi kwa juu.

Blauzi pana na sketi, au blauzi na kitenge, humwezesha mama kuipandisha blauzi kutoka chini. Njia hii husitiri kifua, na khanga iliyofungwa kiunoni husitiri tumbo.

Dera linapendwa kwa kuwa ni pana na halileti joto, lakini shingo yake mara nyingi ni ndogo. Fundi anaweza kupasua mbele kuanzia shingoni hadi chini kidogo ya matiti na kuweka zipu. Wanaopenda usiri zaidi wanaweza kumwomba fundi aweke zipu mbili za wima, moja kila upande wa kifua, zikifichwa na mshono au lesi.

Kwa mama anayevaa baibui, lililo wazi mbele au lenye vifungo ndilo linalofaa. Akumbuke kwamba nguo ya ndani nayo lazima ifunguke. Baibui linalofunguka juu ya gauni lisilofunguka halijasaidia kitu.

Khanga ni msaada mkubwa. Ni ya pamba, hufyonza jasho, hukauka upesi na huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili: kimoja cha kujifunga, kingine cha kujitanda begani wakati wa kunyonyesha. Hata hivyo, mtoto asifunikwe uso wote. Mama aweze kuiona pua na mdomo wa mtoto wakati wote, na hewa ipite. Kumfunika kwa kitenge kizito au blanketi kwenye jua kali humtia joto na kumfanya aache titi kabla hajashiba.

SIDIRIA, VITAMBAA NA MKAJA

Sidiria inayobana inaweza kuzuia maziwa kutoka katika sehemu ya titi. Sehemu hiyo huwa ngumu, huvimba na kuuma. Isiposhughulikiwa, inaweza kuleta homa, maambukizi na hata jipu. Mama achague sidiria ya pamba, yenye mikanda mipana, isiyo na waya chini, na inayofunguka mbele au juu. Ukubwa wa matiti hubadilika sana katika wiki za kwanza, hivyo haifai kununua sidiria nyingi kabla ya kujifungua. Ikiacha alama nyekundu kwenye ngozi, ni ndogo. Wanaonunua mitumba wazifue kwa sabuni na kuzianika juani kabla ya kuvaa.

Mama akiona sehemu ya titi imekuwa ngumu, asiache kunyonyesha. Alegeze nguo, apumzike, na aendelee kumnyonyesha mtoto kwa titi hilo kama kawaida. Akipata homa, wekundu au maumivu yanayozidi, aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo.

Maziwa huvuja, hasa katika wiki za mwanzo. Vipande vya khanga kuukuu iliyo safi, vilivyokunjwa mara kadhaa na kuwekwa ndani ya sidiria, vinatosha kabisa. Jambo la muhimu ni kuvibadilisha vikilowa. Kitambaa kibichi, au nailoni isiyopitisha hewa, hulainisha ngozi ya chuchu na kuifanya ipasuke au ipate fangasi. Mama mwenye vipande kumi hivi anaweza kuvifua kila siku na kuvikausha juani bila kuishiwa.

Katika jamii zetu nyingi mama aliyejifungua hufungwa mkaja tumboni. Desturi hiyo haizuii kunyonyesha, mradi kitambaa kisipande hadi kwenye matiti na kisimzuie mama kupumua au kula akashiba. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asifungwe mkaja kabla ya kumuuliza mtoa huduma ya afya.

SHAMBANI NA KAZINI

Mama anayelima hukutana na hatari ambayo haionekani kwa macho. Viuatilifu vinavyopuliziwa kwenye mboga, pamba au korosho hubaki kwenye nguo na ngozi, na mtoto anayenyonya huweka uso na mikono yake papo hapo. Kazi ya kupulizia dawa ifanywe na mtu mwingine katika kaya kwa kipindi chote cha kunyonyesha. Ikiwa mama ameingia katika shamba lililopuliziwa, abadili nguo na kunawa mikono na kifua kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, na khanga iliyovaliwa shambani isigeuzwe mbeleko.

Ipo pia imani kwamba maziwa huharibika titini mama akishinda juani, na kwamba yapaswa kumwagwa kabla ya mtoto kunyonya. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Mama aliyetoka shambani anawe, anywe maji, akae kivulini na kumnyonyesha mtoto wake bila wasiwasi.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini akiwa bado ananyonyesha, mwajiri anapaswa kumruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Baba naye ana haki ya likizo isiyopungua siku 3 mtoto anapozaliwa. Waajiri wenye sare za kazi, wakiwemo wenye shule, hoteli, viwanda na maduka, wanakumbushwa kwamba muda huo hauna faida kubwa kama sare yenyewe haifunguki. Kumruhusu mama avae shati la vifungo lenye rangi ya sare hakuigharimu taasisi.

Mama anayemwacha mtoto nyumbani anaweza kukamua maziwa. Anawe mikono kwa sabuni, akamulie kwenye chombo safi chenye mfuniko, na maziwa yawekwe mahali penye ubaridi na kivuli. Yasipowekwa kwenye jokofu, ni salama zaidi yatumike ndani ya saa nne tangu kukamuliwa. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi. Chupa za kunyonyea ni vigumu kusafishwa vizuri na huleta kuhara.

CHAKULA CHA MAMA: KIASI GANI, NA KWA NINI

Jambo la pili ni sahani ya mama. Hapa ni muhimu kuondoa dhana moja potofu. Si kweli kwamba mama asiyekula vizuri hutoa maziwa mabaya, na hakuna sababu ya kumwachisha mtoto kwa hofu hiyo. Mwili wa mama humtanguliza mtoto. Chakula kikipungua, mwili huchota akiba yake wenyewe, yakiwemo mafuta, na madini ya kalsiamu kutoka kwenye mifupa, ili maziwa yaendelee kutoka. Anayelipa gharama kwanza ni mama. Hukonda, huishiwa nguvu, huugua kwa urahisi na huingia katika ujauzito unaofuata akiwa dhaifu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 42 ya wanawake nchini wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa mama aliyetoka kupoteza damu wakati wa kujifungua, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, viko virutubishi ambavyo kiasi chake katika maziwa hutegemea chakula cha mama, kama vile vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B, na madini joto. Mama akivikosa kwa muda mrefu, mtoto naye huvikosa.

Mama anayenyonyesha anahitaji nishati zaidi kuliko hata alipokuwa mjamzito: takribani kalori 500 za ziada kwa siku. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni sawa na kikombe cha uji mzito, konzi moja ya karanga, yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu moja, vikiongezwa juu ya milo yake mitatu ya kawaida. Njia rahisi ya kulifikia lengo hilo ni milo mitatu kamili na asusa mbili.

Mfano wa siku moja, kwa vyakula vinavyopatikana katika masoko yetu, ni huu:

Asubuhi: uji wa ulezi uliochanganywa na karanga zilizosagwa au maziwa, pamoja na kiazi lishe cha rangi ya chungwa.

Saa nne: yai la kuchemsha na tunda la msimu.

Mchana: ugali, dagaa, mchicha au kisamvu kilichotiwa karanga, na kipande cha papai au embe.

Saa kumi: kikombe cha maziwa au mtindi, na konzi ya karanga.

Usiku: wali au ndizi za kupika, maharage, matembele, na kipande cha parachichi.

Mpangilio huu haumtaki mtu awe na fedha nyingi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Maharage, kunde, choroko na mbaazi hutoa protini na madini chuma. Viazi lishe, maboga, papai na mboga za kijani hutoa vitamini A. Familia yenye kuku wachache na tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba imeshafika mbali.

Vyakula vya uzazi tulivyorithi, kama mtori, supu ya kuku, samaki au utumbo, na uji wa pilipili manga, vinafaa kuendelezwa. Vingi vina nishati na maji ya kutosha. Udhaifu wake ni kwamba hutolewa kwa wingi hadi arobaini inapokwisha, kisha mama hurudishwa kwenye chakula kisichotosha, wakati mtoto bado ana miezi zaidi ya minne ya kutegemea maziwa peke yake.

MAMBO MADOGO YENYE UZITO

Chai na kahawa huzuia mwili kufyonza madini chuma. Zinywewe angalau saa moja baada ya mlo, si pamoja nao. Badala yake, mama akamulie ndimu kwenye mboga au ale chungwa, kwani vitamini C husaidia ufyonzaji huo.

Chumvi iwe yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto, na itiwe chungu kinapokaribia kuepuliwa.

Mboga za majani zisichemshwe hadi zikapoteza rangi, wala maji yake yasimwagwe. Kisamvu ni tofauti: kitwangwe na kupikwa hadi kiive kabisa, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, takribani asilimia 88. Mama anywe maji safi na salama kila anaposikia kiu. Kuweka glasi ya maji karibu kila anapokaa kunyonyesha ni mazoea mazuri. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kupewa maji hata wakati wa joto.

Pombe, ikiwemo ya kienyeji inayodaiwa kuongeza maziwa, huingia kwenye maziwa na haifai. Kula udongo au pemba hupunguza madini chuma mwilini. Mayai, samaki na maini, ambavyo baadhi ya mila humkataza mama, ni miongoni mwa vyakula anavyovihitaji zaidi.

NANI ANAPAKUA?

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Katika kaya nyingi mama ndiye anayepika na ndiye anayekula mwisho, baada ya baba, wageni na watoto, na kilichobaki ndicho fungu lake. Mpangilio huo ukiendelea, ushauri wote wa kliniki unabaki maneno. Akina baba wanaombwa kuhakikisha sahani ya mama inapakuliwa mapema na kwa ukamilifu. Akina bibi na mama wakwe, ambao neno lao ndani ya nyumba lina uzito, wanaombwa kulisimamia hilo hata baada ya arobaini. Anayempunguzia mama kazi ya kuchota maji na kutafuta kuni naye amechangia maziwa ya mtoto.

Kamati za masoko, kwa kushirikiana na watendaji wa kata na vijiji, zinahimizwa kutenga kona yenye kivuli na benchi kwa ajili ya akina mama wanaonyonyesha. Hilo lisichukuliwe kuwa agizo la kujificha. Mama anayenyonyesha mtoto wake hadharani hatendi kosa lolote.

MAHALI PA KUPATA HUDUMA

Ushauri wa unyonyeshaji na lishe hutolewa bila malipo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma, wakati wa mahudhurio ya baada ya kujifungua na ya kupima uzito wa mtoto. Mama aende na kadi ya kliniki ya mtoto. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii huwatembelea wananchi nyumbani, na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo ya mwaka, wananchi hupata elimu ya lishe na mapishi kwa vitendo. Ratiba hupatikana kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha, huku akitumia dawa zake za ARV kila siku na kufuata maelekezo ya kliniki kuhusu dawa na vipimo vya mtoto.

Mama afike kituoni mapema iwapo mtoto anakojoa chini ya mara 6 kwa siku baada ya wiki ya kwanza, haongezeki uzito, au analegea na kukataa titi. Na iwapo yeye mwenyewe ana homa, chuchu zilizopasuka, titi lenye uvimbe, kizunguzungu, au huzuni nzito isiyoisha. Anayehisi kuwa maziwa hayamtoshi mtoto afike pia, kabla ya kukoroga uji. Mara nyingi tatizo hilo huondoka kwa kurekebisha namna mtoto anavyoshika titi, kuongeza idadi ya kunyonyesha kwa siku, na kuangalia upya nguo na sahani ya mama.